HAKUJIFANYA MTU, ALIFANYIKA MTU
Historia fupi ya imani ya Eklezya katika Fumbo la Umwilisho



Halmashauri ya Jubilei ilipogawa kazi za kitabu hiki, ndugu wengine walipewa kuandika juu ya wamisionari wa kwanza, juu ya matofali ya kanisa letu na juu ya kengele. Sisi tulipewa kuandika juu ya imani yenyewe, ile ambayo kengele inatuitia. Tulishukuru, kisha tukaogopa, kwa kuwa imani ni pana kuliko kurasa tulizopewa. Kwa hiyo tumechagua jambo moja tu la Nasadiki, lile linalotufanya tuinamishe kichwa kila Dominika, na kupiga magoti siku ya Noeli na siku ya tarehe 25 Machi, tunapokumbuka Bikira Maria alivyopashwa habari: ya kuwa Mwana wa Mungu alipata mwili na kuwa mtu kama sisi. Tukisema kweli, wengi wetu tunainama kwa sababu jirani yetu anainama.

Iko na sababu nyingine. Miaka michache iliyopita tulikuwa tukifundisha wakatekumeni, na tulisema kama tulivyosikia sisi wenyewe tangu utoto, ya kwamba Mungu «alijifanya mtu». Katika darasa alikuwamo mama mmoja mzee, ambaye alikuwa amezika watoto wawili. Akanyamaza kitambo, kisha akauliza: «Mwalimu, mtoto wangu wa mwisho alipokuwa hataki kwenda shuleni alijifanya mgonjwa. Mimi mama yake nilijua hana ugonjwa. Basi, Yezu naye alijifanya? Kama alijifanya, misumari haikumwumiza.» Darasa likacheka. Sisi hatukucheka, kwa kuwa hatukuwa na jibu. Tulimwomba angoje mpaka somo lijalo, tukarudi nyumbani na kufungua vitabu vyetu vya seminari ndogo. Huko tukakuta kwamba swali la mama yule lina umri wa miaka 1900 hivi, na kwamba watu wengi waliteswa kwa ajili ya jibu lake.

Tuanze kwa Maandiko Matakatifu. Mwinjili Yoane, katika sura ya kwanza, mstari wa 14, anafundisha kwamba Neno wa Mungu alifanyika mwili na kukaa kati yetu. Msomaji wa Kiswahili akitazama vizuri ataona jambo la ajabu katika sarufi. Katika lugha yetu neno «limesemwa», neno «limeandikwa», neno «limesahauliwa». Lakini hapa tunasema Neno alifanyika, kama tunavyosema mtoto alizaliwa. Wale waliotafsiri Injili walivunja kanuni ya shule kwa makusudi, kwa maana Neno huyu si sauti inayopita hewani. Ni Nafsi, Mwana wa milele, aliyekuwako kwa Baba kabla ya kitu chochote kuumbwa. Kiambishi kidogo kimoja kinabeba nusu ya theolojia.

Nusu ya pili imo katika lile neno «mwili». Padri aliyetufundisha Kilatini alituonyesha kwamba jina la fumbo hili, incarnatio, latoka katika caro, maana yake nyama. Kigriki cha Yoane nacho hakitumii pale neno la kawaida la mwili, bali sarx, yaani nyama: kitu laini, kinachochoka, kinachougua, kinachooza. Ndilo neno wanalolitumia Wayahudi waliotafsiri kwa Kigriki unabii wa Isaya, pale nabii anapolinganisha kila mwenye mwili na majani yanayokauka. Tunafahamu kwa nini watafsiri wetu hawakuthubutu kuandika «nyama», maana kwetu nyama ni ya sokoni au ya porini. Lakini tusisahau ukali wa neno lile. Yoane hakusema Mwana wa Mungu alipata sura nzuri ya mtu; alisema aliingia katika udhaifu wetu. Na pale tunaposoma kwamba alikaa kwetu, Kigriki kinatumia kitenzi cha kupiga hema, kama Mungu alivyokaa katika hema pamoja na Waisraeli jangwani, akihama walipohama.

Vitabu vingine vya Agano Jipya vinashuhudia vilevile. Mtume Paulo anawaandikia Wagalatia kwamba Mwana alizaliwa na mwanamke. Anawaambia Wafilipi kwamba alijishusha hadi hali ya mtumwa na hadi kifo cha msalaba. Wainjili wanatuonyesha Yezu anayeona njaa, anayelala usingizi katika mtumbwi wakati wa dhoruba, anayeketi karibu na kisima cha Samaria kwa sababu amechoka, anayelia mbele ya kaburi la Lazaro. Luka anasema waziwazi kwamba mtoto Yezu alikua kwa kimo na kwa hekima. Mtoto anayejifanya mtoto hakui.

Tungedhani kwamba watu wa zamani walipata shida kusadiki kuwa Yezu ni Mungu. Kwa kweli wengi wa wazushi wa kwanza walipata shida kusadiki kuwa ni mtu. Kwao Mungu alikuwa safi mno kwa kugusa nyama, maziwa ya mama, jasho na damu. Kwa hiyo walisema mwili wa Kristu ulikuwa kivuli, umbo la kuonekana tu machoni. Kitenzi cha Kigriki cha «kuonekana» kikawapa jina, wakaitwa Wadoseti. Ndio ambao barua ya kwanza ya Yoane inawakemea, ikisema kwamba roho isiyokiri kuwa Yezu Kristu alikuja katika mwili haitoki kwa Mungu. Tazameni: hilo ndilo «kujifanya» la mama yetu mkatekumeni, isipokuwa yeye aliliuliza kwa uchungu, na wale walilifundisha kwa majivuno.

Mwanzoni mwa karne ya pili, wakati wa Kaizari Trayano, Mtakatifu Ignasi, askofu wa Antiokia, alifungwa minyororo na kupelekwa Roma kutupwa kwa wanyama wakali. Njiani aliandika barua saba. Katika barua kwa Wakristu wa Tralles na wa Smirna anawajibu Wadoseti kwa njia ambayo hakuna profesa angeiweza: kama Bwana aliteswa kwa kuonekana tu, basi mimi nimefungwa kwa nini, na ninakwenda kufa kwa nini? Minyororo yake ilikuwa ya chuma cha kweli. Alitaka kujua kama misumari ya Bwana wake ilikuwa ya kweli pia, na alijua kwamba ndiyo.

Baadaye Marsioni, ambaye Wakristu wa Roma walimtenga mwaka 144, alifundisha kwamba Kristu hakuzaliwa hata kidogo, bali alitokea ghafula akiwa mtu mzima. Wafuasi wa Valentino nao walikubali kwamba alipitia kwa Maria, lakini kama maji yanavyopita katika mfereji, bila kuchukua kitu chochote kwake. Mtakatifu Ireneo, askofu wa Lyon, ndiye aliyetuhifadhia habari hiyo, na alipambana nayo kwa nguvu zote. Katika Afrika, mjini Karthago, Tertuliano aliandika kitabu kizima kuhusu mwili wa Kristu. Hakuona haya kutaja mimba, uchungu wa kuzaa na nguo za kitoto. Alisema aliyempenda mtu alipenda pia namna mtu anavyozaliwa. Tertuliano alikuwa mwandishi mkali sana, na mwisho wake aliwafuata Wamontani na kujitenga na Eklezya Katoliki. Lakini katika jambo hili akina mama wa parokia yetu wangemwelewa kuliko wanaume.

Kisha adui akaja kwa mlango wa pili. Katika mji wa Aleksandria, nchini Misri, padri mmoja jina lake Ario alifundisha kwamba Yule aliyefanyika mtu hakuwa Mungu kamili, bali kiumbe bora aliyeumbwa kabla ya wote. Fujo ilienea hata Kaizari Konstantino akawaita maaskofu mjini Nisea, mji unaoitwa leo Iznik, nchini Uturuki. Huo ndio Mtaguso Mkuu wa kwanza, wa mwaka 325. Katika mwaka 2025 Wakristu wa dunia nzima waliadhimisha miaka 1700 yake. Maaskofu walikiri kwamba Mwana ana umungu ule ule mmoja wa Baba, wala hakuumbwa.

Wengine huuliza: maneno haya ya Kigriki yatusaidie nini sisi walimaji na wafanyabiashara? Tujibu kwa mfano wa kwetu. Mtu akifiwa, mkubwa wa mji anaweza kutuma mjumbe na bahasha kwenye matanga. Watu watashukuru na jina lake litasomwa. Lakini yule aliyekuja mwenyewe, akaketi chini kwenye mkeka na kukesha karibu na moto, hatasahauliwa katika ukoo ule. Kama Ario alisema kweli, Mungu alituma bahasha. Nisea ilikiri kwamba alikuja Yeye mwenyewe.

Aliyeteswa zaidi kwa ajili ya ungamo hilo ni Mtakatifu Atanasi, aliyekwenda Nisea akiwa shemasi wa askofu wake, na ambaye aliwekwa askofu wa Aleksandria mwaka 328. Katika miaka 45 ya uaskofu alifukuzwa mara tano, na alikaa uhamishoni karibu miaka 17, mara nyingine akifichwa na wamonaki wa jangwani. Makaizari walibadilika, maaskofu wengi walilegea, yeye hakulegea. Kitabu chake juu ya Umwilisho wa Neno kinasomwa hata leo. Tupende kukumbuka pia kwamba ni yeye aliyemweka Frumensi kuwa askofu wa Aksum, katika Etiopia. Hivyo imani katika Mungu aliyefanyika mtu ilifika Etiopia karne nyingi kabla haijafika kwa baadhi ya watu wa Ulaya waliotuletea sisi.

Hata hivyo mtu anaweza kulinda umungu wa Kristu vizuri mno hata akasahau utu wake. Ndivyo ilivyompata Apolinari, askofu wa Laodisea, rafiki wa Atanasi. Alisema Kristu alikuwa na mwili wa mtu, lakini hakuwa na roho yenye akili ya mtu, kwa kuwa Neno alishika mahali pake. Mtakatifu Gregori wa Nazianzo akamjibu kwamba sehemu yetu ambayo Kristu hakuitwaa imebaki bila kuponywa. Na nani kati yetu asiyejua kwamba ugonjwa wetu mkubwa uko katika akili na katika nia, kuliko katika mifupa? Mtaguso wa kwanza wa Konstantinopoli, mwaka 381, ulikataa fundisho lile.

Tunakuja sasa kwenye Efeso, mwaka 431, na hapa Walegio wa Maria wasome polepole. Nestori, patriarka wa Konstantinopoli, hakupenda watu wamwite Maria Mama wa Mungu. Aliona vema kusema Mama wa Kristu. Alidhani kwamba analinda heshima ya Mungu. Mtakatifu Sirili wa Aleksandria akaona hatari: tukisema mtoto wa Maria ni mmoja na Mwana wa Mungu ni mwingine aliyekaa ndani yake, basi Mungu hakuzaliwa, wala hakufa kwa ajili yetu; alikuwa mpangaji tu katika nyumba ya mtu. Mwanamke hazai mwili mtupu, anazaa mtu. Na huyu aliyezaliwa na Maria ni Nafsi ya Mwana wa Mungu. Mtaguso ulikata shauri tarehe 22 Juni. Sirili mwenyewe anasimulia kwamba watu walingoja nje tangu asubuhi hadi usiku, na maaskofu walipotoka waliwasindikiza kwa mienge na ubani.

Tusifiche kwamba Sirili hakuwangoja maaskofu wa Antiokia, ambao walichelewa njiani, na kwamba hao walipofika walifanya mkutano wao na kumhukumu yeye. Ilihitaji miaka miwili, hadi 433, wapate kupatana. Watakatifu nao walikuwa na haraka zao.

Mzee mmoja mtawa wa Konstantinopoli, Eutike, alimfuata Sirili kupita mpaka. Alifundisha kwamba baada ya umoja huo utu wa Kristu ulimezwa na umungu wake. Mwaka 449 mkutano mwingine katika Efeso ukampa Eutike haki kwa nguvu. Askofu Flaviano wa Konstantinopoli aliyempinga alivuliwa cheo, akatendewa kwa ukatili, akafa muda mfupi baadaye. Papa Leo Mkuu aliuita mkutano ule wa wanyang'anyi. Alikuwa ameandika barua ndefu kueleza imani, lakini wale hawakukubali isomwe.

Ilisomwa miaka miwili baadaye huko Kalsedoni, ng'ambo ya Konstantinopoli, mbele ya maaskofu yapata 500, katika Oktoba 451. Walikiri Kristu mmoja, Nafsi moja, mwenye asili mbili, Mungu kweli na mtu kweli. Wakaweka maneno manne kama nguzo za uzio: asili hizo zimeungana bila kuchanganyika, bila kugeuka, bila kugawanyika, bila kutengana. Wakatekumeni wetu huona ugumu hapa, na sisi pia tuliona ugumu. Mtu anataka mfano. Wengine husema ni kama sukari katika chai. Sivyo, kwa kuwa sukari huyeyuka. Wengine husema ni kama mtu na koti lake. Sivyo, kwa kuwa koti huvuliwa, na Bwana alipopaa mbinguni hakuuvua mwili. Maaskofu wa Kalsedoni hawakueleza namna fumbo linavyowezekana. Walitaja tu njia nne za kulipoteza.

Lakini uzio ule uliwaacha ndugu wengi nje. Wakristu wengi wa Misri, wa Siria, wa Armenia, na baadaye wale wa Etiopia, waliona kwamba kusema «asili mbili» ni kurudi kwa Nestori, na Eklezya ikapasuka. Ugomvi wa lugha, wa miji mikubwa na wa makaizari ulitia kuni motoni. Kidonda hicho kilikaa zaidi ya miaka 1500. Tarehe 10 Mei 1973 Papa Paulo VI na Papa Shenouda III wa Wakopti walitia sahihi tamko moja huko Roma, wakikiri pamoja Kristu mmoja, Mungu kamili na mtu kamili, bila kuchanganya wala kutenganisha. Tarehe 11 Novemba 1994 Papa Yoane Paulo II na Patriarka Mar Dinkha IV wa Eklezya ya Mashariki ya Waasiria, ambayo watu wengi waliiita ya Wanestori, walifanya vivyo hivyo. Walionekana kuwa walisadiki jambo moja kwa maneno tofauti. Tunapolisoma hilo tunawaza juu ya magombano ya mashirika yetu, na tunaona haya.

Yaliyobaki ya zamani tuyapite upesi. Mtaguso wa tatu wa Konstantinopoli, wa miaka 680 na 681, ulikiri kwamba Kristu alikuwa na utashi wa kimungu na utashi wa kibinadamu, hivi kwamba hofu yake ya Getsemani ilikuwa hofu ya kweli na utii wake ulikuwa utii wa mtu. Mtaguso wa pili wa Nisea, wa 787, ulihalalisha kuheshimu picha takatifu, kwa sababu Mungu aliyekuwa haonekani amepata uso unaoweza kuchorwa.

Wageni wetu mapadri watatuuliza kama habari hizi zilifika Kongo. Zilifika. Katika Sinodi ya mwaka 1974 huko Roma, maaskofu wa Afrika na Madagaska walitangaza kwamba theolojia ya kurekebisha Injili kidogo ili iwafae Waafrika imepitwa na wakati, na badala yake wakachagua theolojia ya umwilisho. Walitumia neno lile lile la zamani. Walitaka kusema kwamba Injili isiwe koti juu ya mabega yetu, bali iingie katika nyama yetu, katika lugha, ngoma, ndoa na matanga. Tunda moja linajulikana na kila mtu: Misale ya Roma kwa majimbo ya Zaire, iliyokubaliwa na Roma tarehe 30 Aprili 1988, ambamo wahenga wetu wenye haki wanaitwa pamoja na watakatifu. Kadinali Malula, askofu mkuu wa Kinshasa, aliitumikia kazi hiyo miaka mingi. Sisi tunaongeza jambo moja, kwa kuwa tumesikia watu wakitetea kila desturi kwa jina la umwilisho. Barua kwa Waebrania inafundisha kwamba Mwana alijaribiwa katika yote kama sisi, isipokuwa dhambi. Kumfukuza mjane katika nyumba ya marehemu ni desturi pia, lakini Kristu hakuitwaa.

Somo lililofuata tulimjibu mama yule. Hatukumtajia Kalsedoni. Tulimwambia kwamba kosa lilikuwa letu, kwamba kitenzi tulichokitumia kina maana mbili, ya kujigeuza na ya kudanganya, na kwamba Eklezya inasadiki ile ya kwanza tu na imeitetea kwa damu. Tulimwambia misumari ilimwumiza. Aliuliza tena: «Na mama yake alikuwa pale?» Tukasema ndiyo, alikuwa amesimama pale. Akasema vema, na tukaendelea na sala ya Baba Yetu.

Alibatizwa usiku wa Paska, akachagua jina la Maria. Tangu siku ile sisi husema «alifanyika mtu» au «akawa mtu». Wazee katika mashirika bado husema «alijifanya», na hatuwakatizi, maana tunajua wanalolisadiki. Lakini kwa watoto wa Komunyo ya kwanza tunasimama hapo kidogo na kuwaeleza.